Kaburi la Askari ni Hati ya Dola

Mwanahistoria Tacitus, alipofika mwaka 23 katika masimulizi yake ya enzi za makaisari, alisimama kidogo ili ahesabu majeshi ya Roma. Aliandika legioni 25: nane kwenye mto Rhine, tatu Uhispania, nne Syria, mbili Misri, mbili Afrika, na zilizobaki kandokando ya Danube na katika Dalmatia. Alipofika kwa askari wasaidizi, wale waliotolewa na mataifa yaliyotawaliwa, akaweka kalamu chini. Vikosi hivyo, alisema, vilihamishwa huku na kule na idadi yake ilipanda na kushuka, kwa hiyo kuviorodhesha kungekuwa kazi isiyo na uhakika. Alikiri mwenyewe kwamba nguvu yao ilikaribia kulingana na ya legioni. Karibu nusu ya jeshi la dola ile iliachwa nje ya orodha kwa sababu kuiandika kulikuwa na usumbufu.

Leo tunajua mengi kuhusu nusu hiyo: ilitoka wapi, ikapelekwa wapi, ikakaa miaka mingapi. Sehemu ya maarifa hayo imetoka kwenye vyeti vya shaba walivyopewa askari wakistaafu. Sehemu kubwa imetoka makaburini. Waliojaza pengo la Tacitus hawakuwa makatibu wa Kaisari. Walikuwa warithi, watumwa walioachwa huru, wanawake ambao sheria ya jeshi haikuwatambua kuwa wake wa mtu, na askari waliokula chungu kimoja na marehemu. Jarida hili linasema wazi: kuandika jina la askari aliyekufa, kikosi chake, kwao na mahali alipofia ni wajibu wa anayemtuma, na kulilinda andiko hilo mahali lilipo ni wajibu wa kila anayekuja nyuma. Warumi wadogo waliutimiza wajibu ambao wakubwa wao hawakujisumbua nao. Katika zama zetu wenye vyeo na bajeti wameshindwa mara nyingi mno.

Tuanze na mmoja. Mwaka 1928, mjini Colchester, mashariki mwa Uingereza, lilifukuliwa jiwe la Longinus, mwana wa Sdapeze. Limechongwa mpanda farasi, na chini ya kwato za farasi amejikunyata adui aliye uchi. Maandishi ni mistari michache. Longinus alikuwa duplicarius, yaani askari wa mshahara maradufu, katika kikosi cha kwanza cha farasi cha Wathrace. Kwao ni wilaya ya Sardica, ambayo leo ni Sofia, mji mkuu wa Bulgaria. Aliishi miaka 40, akatumika miaka 15. Warithi wake walisimamisha jiwe kwa mujibu wa wasia.

Mwenye haraka atasoma hapo msiba wa mtu mmoja na kuondoka. Mwenye subira atafanya hesabu. Roma iliivamia Uingereza mwaka 43, na jiwe ni la miaka ya mwanzo ya utawala huo. Ukitoa miaka 15 ya utumishi, Longinus aliingia jeshini wakati Thrace ilikuwa bado na mfalme wake, kabla ya kugeuzwa jimbo mwaka 46. Maana yake ni kwamba Roma ilikuwa ikichukua vijana wa ufalme rafiki, ikawapeleka upande wa pili wa bara kulinda ardhi ambayo haikuwahusu wao wala baba zao. Hakuna mwandishi wa zamani aliyetuambia hivyo kuhusu kikosi hiki. Jiwe limesema.

Jiwe lile lilipotolewa ardhini halikuwa na uso. Kwa karibu miaka 70 wengi waliamini kwamba wafuasi wa malkia Boudica, walioichoma Colchester mwaka 60 au 61, ndio waliouvunja kwa chuki. Mwaka 1996 wachimbaji walirudi mahali palepale na kuupata uso, na simulizi ya Boudica ikalegea. Somo hapa ni la kazi: kama mahali pa jiwe pasingeandikwa mwaka 1928, hakuna ambaye angejua pa kurudi.

Mji huohuo una jiwe la Marcus Favonius Facilis, akida wa Legioni ya 20, lililopatikana mwaka 1868. Walilisimamisha watumwa wake wawili aliowaacha huru, Verecundus na Novicius. Halitaji umri wala miaka ya utumishi. Hata hivyo ndilo nguzo kuu ya hoja kwamba Legioni ya 20 ilipiga kambi Colchester, kwa sababu mwaka 49 mahali hapo paligeuzwa makazi ya askari wastaafu na legioni ikaondoka. Facilis alikufa angali kazini. Basi kambi ilikuwepo, na ilikuwa ya legioni yake. Historia nzima ya miaka sita ya kwanza ya ukaliaji wa mji mmoja imeegemea utiifu wa watu wawili waliokuwa watumwa jana yake. Waliandika jina la legioni kwa usahihi, na majina yao wakayaweka mwishoni.

Usahihi huo ndio unaotupa hata tarehe. Mwaka 42 gavana wa Dalmatia, Scribonianus, alimwasi Kaisari Claudius. Legioni ya 7 na ya 11 zilimwacha ndani ya siku chache, na kwa shukrani Kaisari akazipa sifa ya kubebwa katika jina: Claudia, yenye kicho na uaminifu. Kwa hiyo huko Tilurium na Burnum, kambi zilizokuwa katika Kroatia ya leo, jiwe lisilo na sifa hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kabla ya mwaka 42, na lenye sifa hiyo ni la baadaye. Mawe ya Legioni ya 7 yanaonyesha pia kwamba askari wake wengi wa mwanzo walitoka miji ya Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo. Kadhalika huko Wroxeter, magharibi mwa Uingereza, mawe ya Legioni ya 14 Gemina hayana maneno Martia Victrix, heshima ambayo legioni hiyo ilipata baada ya kumshinda Boudica. Wachongaji hawakuwa wakituandikia sisi. Walifuata tu kanuni kwamba kikosi cha marehemu kitajwe kama kinavyojiita siku hiyo, si zaidi wala pungufu.

Mfano mzito kuliko yote uko Apamea, nchini Syria. Legioni ya 2 Parthica iliundwa na Kaisari Septimius Severus, ikawekwa Albanum, kilomita chache kutoka Roma. Lilikuwa jeshi la akiba la Kaisari mwenyewe, likifuatana naye vitani. Vitabu vinataja vita dhidi ya Waparthi na kisha Waajemi, lakini havituelezi vizuri jeshi hilo lililala wapi wakati wa baridi. Mawe ya Apamea yanaeleza. Mengine yanaiita legioni hiyo Antoniniana, mengine Severiana, mengine Gordiana, kwa kuwa kila Kaisari aliigawia jina lake. Hivyo wataalamu wameweza kutenganisha vipindi vitatu: kati ya mwaka 215 na 218, kisha 231 hadi 233, kisha 242 hadi 244. Jeshi lilikuja, likaenda, likarudi kambi ileile mara tatu katika kizazi kimoja, na kila mara lilizika. Jiwe la Felsonius Verus, mbeba tai, yaani nembo ya legioni, katika awamu ya Kaisari Gordian, linamwonyesha akiwa na tai ndani ya tundu juu ya mti. Bila makaburi hayo tungejua kwamba makaisari watatu au wanne walipita Syria. Kwa makaburi tunajua mfumo: Roma ilikuwa na kituo cha kudumu cha nyuma, chenye chakula na malisho, kilichotumiwa tena na tena kila ulipozuka mgogoro wa mashariki.

Mawe mengi kati ya hayo yalinusurika kwa bahati iliyotokana na dharau. Katika karne ya tatu watu wa Apamea, wakihofia Waajemi, walijenga mnara wa ukuta harakaharaka na kuyatumia mawe ya askari kama matofali. Jambo hilohilo lilitokea Chester, Uingereza, ambako ukuta wa kaskazini wa mji ulipokarabatiwa mwishoni mwa karne ya 19 ulitoa mawe ya makaburi kwa makumi. Tunaweza kuwasamehe waliojenga kwa hofu ya adui. Hatuna msamaha kwa waliofanya uharibifu wa zama zetu. Tangu vita vya Syria vilipoanza mwaka 2011, picha za setilaiti zimeonyesha eneo la Apamea likitobolewa mashimo kwa maelfu na wasaka mali za kale. Kila jiwe linalotoka shimoni usiku na kuuzwa ng'ambo linabaki na maandishi yake, ndiyo, lakini limepoteza nusu ya ushahidi wake. Jina la legioni bila mahali halituambii jeshi lilikuwa wapi. Mnunuzi anayesema amelinusuru jiwe anajidanganya.

Sasa tuulize nani alilipa. Kambi haikumpa kila marehemu jiwe. Vegetius, aliyeandika mambo ya jeshi katika siku za mwisho za dola ya magharibi, anaeleza kwamba akiba za askari zilitunzwa katika mifuko kumi, mmoja kwa kila kohoti, yaani kila sehemu ya legioni, na kwamba kulikuwa na mfuko wa 11 ambao legioni nzima ilichangia kidogo kidogo kwa ajili ya maziko. Msomaji wa pwani au bara hahitaji kufafanuliwa: ni chama cha kufa na kuzikana, ndani ya jeshi. Wengine waliacha fedha na agizo katika wasia. Wengine walizikwa na ndugu. Huko Mainz, Ujerumani, Gnaeus Musius, mbeba tai wa Legioni ya 14, aliyekufa na miaka 32 baada ya kutumika 15, aliwekewa jiwe na kaka yake Marcus, akida.

Ndugu walifika hadi pasipo na maiti. Marcus Caelius wa Bononia, akida mwenye miaka 53 na nusu, alianguka mwaka 9 katika maangamizi ya majeshi ya jemadari Varus msituni Ujerumani, ambapo legioni tatu zilifutika na namba zake hazikutumika tena. Nduguye Publius alisimamisha jiwe Xanten, kando ya Rhine, likitoa ruhusa mifupa iwekwe hapo iwapo itapatikana. Huko Chester kuna jiwe la msaidizi wa akida aliyekuwa akingoja kupandishwa cheo, akafa maji chombo kilipozama. Kwa kawaida jiwe huandikwa herufi tatu, H S E, kumaanisha kwamba amelala hapa. Kwenye jiwe hilo S na E zipo, na nafasi ya H imeachwa wazi. Inaaminika kwamba mchongaji alikuwa akingoja mwili. Hata kwa marehemu ambaye jina lake limevunjika na jiwe, mchongaji alikataa kuandika jambo ambalo halijawa kweli. Tungependa kuona ukali huo wa ukweli katika taarifa za majeshi ya leo.

Ukali huohuo unamhusu msomaji. Si halali kulibebesha jiwe lisilobeba. Jiwe la Caelius lilikuwa Xanten kwa sababu nduguye alilisimamisha huko. Halituonyeshi mahali pa vita. Askari mstaafu huweza kuzikwa alikonunua shamba, mbali na kambi. Umri nao una mitego: mawe mengi mno yanataja 30, 35, 40, kwa sababu watu walikadiria kwa matano, na anayechora takwimu za vifo kwa namba hizo bila kusema hivyo anadanganya kwa kutumia hesabu. Tena si kila jamii ilikuwa na desturi ya kuandika. Mpaka wa Rhine umejaa maandishi. Sehemu kubwa za mashariki zina machache. Ukimya wa mahali si ushahidi kwamba hapakuwa na askari. Kwa muda mrefu watu walipenda kusimulia kwamba Legioni ya 9 ilipotelea katika ukungu wa Scotland, eti kwa sababu nchini Uingereza haitajwi tena baada ya maandishi ya York ya mwaka 108. Kisha vikapatikana vigae vyenye muhuri wake Nijmegen, Uholanzi. Ilikuwa imehamishwa, au angalau sehemu yake. Simulizi tamu ilistawi juu ya ushahidi ambao haukuwepo.

Mawe yakisomwa kwa adabu na kwa wingi, yanafichua jambo ambalo dola yenyewe huenda haikulitazama usoni. Mtaalamu wa Italia Giovanni Forni alichapisha mwaka 1953 utafiti wake kuhusu asili ya askari wa legioni, akitegemea zaidi maandishi. Kuanzia Augustus hadi Caligula, takriban theluthi mbili ya wale ambao kwao kunajulikana walitoka Italia. Chini ya Claudius na Nero wakawa karibu nusu. Hadi siku za Trajan ni kama mmoja kwa watano, na baada ya hapo Waitalia wanakaribia kutoweka. Roma ilikabidhi ulinzi wake kwa majimbo.

Barani mwetu hilo linaonekana Algeria, huko Lambaesis, makao ya Legioni ya 3 Augusta. Legioni hiyo ilihamia hatua kwa hatua kuelekea magharibi, kutoka Haïdra iliyoko Tunisia ya leo hadi Tébessa, kisha Lambaesis, na makaburi yake yanafuata njia hiyo. Mwanzoni majina ya kwao ni ya Italia na Gaul. Katika karne ya pili ni miji ya Afrika yenyewe, na wengine mahali pa kwao pameandikwa neno moja tu, castris, kambini. Hao ni watoto wa askari na wanawake wa vijiji vilivyoizunguka kambi, waliozaliwa wakati sheria ilimkataza askari kuoa, katazo ambalo Septimius Severus ndiye anayetajwa kulilegeza mwaka 197. Sheria ilisema familia hazipo. Makaburi yanasema zilikuwepo. Mwaka 1984 Richard Saller na Brent Shaw walichapisha uchunguzi wa nani alimzika nani, wakaonyesha kwamba Afrika askari walizikwa zaidi na wake na watoto, ilhali Uingereza na mpakani Ujerumani wengi walizikwa na warithi na wenzao. Tofauti hiyo inatuambia wapi jeshi lilikuwa limeota mizizi na wapi lilikuwa bado la wageni.

Na tumelitunzaje eneo hilo? Katika miaka ya 1850 utawala wa Wafaransa ulijenga gereza juu ya sehemu ya kambi ya Lambaesis. Serikali iliyojivuna kuwa mrithi wa Roma barani Afrika ndiyo iliyoizika Roma chini ya seli.

Tukija kwetu, aibu inakaribia nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa Afrika Mashariki kwa migongo ya wapagazi. Tume iliyoanzishwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya wanajeshi wa Dola ya Uingereza iliweka kanuni ya usawa: kila aliyekufa atajwe kwa jina. Mwaka 2021 ripoti ya tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, haina jina hata moja. Waliofanya hivyo walikuwa na karatasi, makarani na matbaa. Mtu wa Thrace aliyekufa Colchester miaka karibu 1,900 kabla yao alipata zaidi kutoka kwa warithi wake kuliko mpagazi wa Tabora au Kisumu alivyopata kutoka kwa ufalme mzima. Matokeo yake si majonzi tu. Hatuwezi kuchora ramani ya kweli ya vita ile kwa upande wa waliobeba mizigo, kwa sababu hatujui nani alilala wapi.

Na tusijifiche nyuma ya wakoloni. Baada ya shambulio la El Adde, Somalia, Januari 2016, miaka ilipita bila serikali ya Kenya kutangaza idadi rasmi ya wanajeshi wake waliouawa. Sababu ya usalama hutolewa, na kwa wiki kadhaa inaweza kuwa halali. Kwa miaka si halali.

Kwa hiyo jarida hili linadai mambo ambayo hayana gharama ya kutisha. Makumbusho na vyuo vya kanda hii visipokee wala kununua jiwe la kale lisilo na hati ya mahali na siku lilipopatikana, hata likiwa zuri kiasi gani, na vikionyeshwa jiwe la namna hiyo viripoti kwa mamlaka ya mambo ya kale ya nchi lilikotoka. Idara za mambo ya kale zisimruhusu mkandarasi kuhamisha kaburi lolote, la Mrumi, la Mjerumani, la Mhindi au la mpagazi, kabla halijapigwa picha na kupimwa likiwa mahali pake. Na wizara za ulinzi zichapishe, kwa kila askari aliyekufa nje ya mipaka tangu uhuru, jina lake, kikosi, kwao, miaka ya utumishi na mahali alipofia. Marehemu wa Vita Kuu ya Kwanza waanze kutafutwa katika daftari za malipo, kwenye hifadhi za nyaraka za Nairobi, Dar es Salaam na London, na kazi hiyo ipewe fungu lake katika bajeti ijayo, si kuachiwa wanafunzi wa kujitolea.